Betri Mpya, Waya wa Zamani

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, chupa ya chai na blanketi la mistari. Bosi wa usafiri alisimama akasema nimekuwa nguzo ya gereji, kisha akaniomba mbele ya watu wote niandike kurasa chache za kuwatia moyo mafundi watakaobaki, zibandikwe kwenye ubao ulio karibu na stoo. Nilisema sawa. Nilikula pilau yao, nikapiga picha nao, nikarudi nyumbani Mweiga nikiwa na hasira hata mke wangu akaniuliza kama wameninyima chakula. Kurasa zenyewe ndizo hizi. Mkitafuta moyo, nendeni kanisani Jumapili.

Sitaandika habari za vyeo. Nitaandika habari za trela ya kliniki iliyoungua njia ya Doldol, na za Wangechi, fundi aliyefutwa kazi kwa sababu ya moto huo. Katika hotuba zote za siku ile hakuna aliyemtaja, hata mimi. Lakini sina budi kuanza mbali kidogo, kwa sababu moto ule ulianza miaka mingi kabla moshi haujaonekana.

Nilipoingia gereji ya shirika letu hapa Nyeri, fundi mkuu wa umeme alikuwa Gathogo, mtu mfupi mwenye suruali iliyojaa matundu ya asidi. Nilidhani siku ya kwanza nitafundishwa kufunga nyaya. Alinipa ndoo ya maji moto, magadi na mswaki mkuukuu, akanionyesha betri kumi na moja zilizoota unga mweupe vichwani, akaniambia nisugue. Nilisugua hadi saa kumi. Jioni alipita akigusa kila kichwa kwa kidole kisha anakiramba kidole. Ukali wa asidi ukiwapo, nilirudia. Msijaribu hivyo nyumbani, ingawa yeye alizeeka na meno yake yote.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu. Alikuwa na kile kipimo cha kioo cha kufyonzea asidi, taa ndogo ya kupimia aliyoitengeneza kwa balbu na msumari, na chupa ya rangi ya kucha. Hiyo ya tatu ndiyo ninataka muielewe vizuri. Ukimaliza kufunga kiungo cha waya, ukakivuta, ukakiamini, unakidondoshea tone la rangi ya kucha. Likikatika, utajua kiungo kimelegea au kimeguswa. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Gathogo alitumia nyeupe. Mimi nilinunua nyekundu sokoni, na mama aliyeniuzia akataka kujua msichana ni nani.

Kulikuwa na sheria ya pili ambayo haikuandikwa popote. Kazi yenye rangi ya mwenzako huifungui asipokuwepo. Kuifungua ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Nilimwona Gathogo akimnyamazia fundi mmoja wiki mbili nzima kwa sababu alifungua kisanduku chenye rangi nyeupe. Sisi tuliona hiyo ni heshima. Tuliwafundisha wengine, na wao wakawafundisha wengine, tukajisifu kwamba gereji yetu ina adabu.

Gathogo alipostaafu, akaja mwenzangu mmoja akaenda, mwishowe nikabaki mimi kama fundi mkuu. Ndipo ilipoletwa trela ya kliniki. Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda cha wagonjwa, meza, sinki, taa sita, friji ya chanjo na sola moja juu ya paa. Ilivutwa na Land Cruiser kwenda sehemu ambazo hazina zahanati, na mara nyingi ilikwenda Doldol, ambako akina mama walikuwa wakiingoja na watoto tangu alfajiri. Mbele yake, ndani ya sanduku la chuma, kulikuwa na betri mbili za asidi. Wakati wa safari zilichajiwa na gari kwa waya uliopita chini ya sakafu, na katikati ya waya huo, nyuma ya ubao ulio chini ya kiti, kulikuwa na kisanduku cha fyuzi.

Betri za asidi zinataka kubembelezwa. Ukizitumia zaidi ya nusu, unaziua. Ukizisahau bila maji, unaziua. Ukizitikisa kwenye barabara yenye mawe kutoka Nanyuki kwenda Doldol, zinajiua zenyewe. Nilizifuata betri hizo kwa miaka kama mtu anayefuata ng'ombe mgonjwa. Nesi wa trela alikuwa Sista Kendi, mtu wa upande wa Chogoria, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko makelele. Simu yake ilikuwa na maneno yale yale kila mara: friji imelala tena. Friji ikilala, chanjo zinatupwa, na mama aliyetembea na mtoto mgongoni anaambiwa arudi mwezi ujao.

Basi siku moja, yapata miaka minane iliyopita, niliamua kusafiri nao nione kinachotokea. Tulipopita Nanyuki, fyuzi ya ile laini ya kuchaji ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Betri moja ilikuwa imeanza kufa na ilikuwa inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Nikaweka ya mwisho niliyokuwa nayo, nayo ikaenda. Sista Kendi alikuwa amesimama ndani ya trela kwenye joto kali, mkono juu ya mlango wa friji. Nikachuna kipande cha waya, nikasokota nyuzi za shaba, nikazifunga pale fyuzi inapokaa. Umeme ukapita. Tulifika Doldol na watoto walichanjwa wote, na akina mama walinipa maziwa kibuyu kizima.

Nilikuwa nimefunga kisanduku kile na, kwa mazoea ya mkono tu, nikakitia tone la rangi nyekundu. Nilijiambia kesho tukifika Nyeri nitaweka fyuzi. Kesho yake ambulensi ililetwa ikivutwa kwa kamba, alteneta imekufa, haitoi umeme. Siku iliyofuata kulikuwa na kingine. Betri ile mbovu ilibadilishwa, laini haikuleta shida tena, nami nikasahau. Nikisema nilisahau nasema kweli.

Wangechi alikuja gerejini akiwa tayari fundi kamili. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi Sagana kwenye malori, ambako dereva hasubiri uchanganue, anataka taa ziwake aondoke. Alichagua rangi ya kijani. Alikuwa akisoma vijitabu vinavyokuja na vifaa, vile vyenye maandishi madogo ambavyo sisi tulivitumia kuwashia jiko. Mwaka wa kwanza alinikosoa mara mbili na mara zote mbili alikuwa sahihi. Nilikasirika ya kwanza. Ya pili nilimnunulia chai.

Yeye ndiye aliyesema betri za asidi ziondolewe na trela ifungwe betri ya lithiamu. Alinieleza pale pale juu ya boneti kwa chaki. Lithiamu ni nyepesi, unaitumia karibu yote bila kuiua, haitaki maji, haijali kutikiswa sana. Lakini ina tabia moja. Ya asidi ikikaribia kujaa inapunguza kuvuta. Lithiamu inavuta umeme wote utakaopewa, saa baada ya saa, hadi ijae. Ukiiunganisha moja kwa moja na gari, itachosha alteneta na kuchemsha waya mwembamba. Kwa hiyo inataka chaja maalum kati ya gari na trela, ya kuipimia umeme. Inataka waya mnene na kifaa cha sola kilichopangwa upya. Aliandika orodha yote, kila kitu na sababu yake, ukurasa mmoja safi.

Ofisi ilikubali betri. Betri mpya inapendeza kwenye picha, na kulikuwa na wageni wanakuja kutembelea mradi. Chaja na waya vilipigwa mstari. Bosi wa usafiri, ambaye sijawahi kumwona akishika spana, alikuja gerejini na karatasi ile mkononi.

"Betri ni betri," alimwambia Wangechi. "Plasi kwa plasi, minasi kwa minasi. Ama hii kazi imekushinda?"

Wangechi alimwambia haifungi bila chaja. Bosi akasema wageni wanafika Ijumaa, akaondoka. Ndipo Wangechi akaja kwangu, na nyinyi mnaosoma hapa naomba msiruke sehemu hii. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimechoka kugombana na ofisi, nilikuwa nimebakiza kama mwaka mmoja nistaafu, na nilitaka kila mtu anyamaze. Nikamwambia afunge tu, chaja tutaiomba baadaye. Nikamwambia ile laini ina fyuzi, umeme ukizidi fyuzi itakatika, hakuna kitakachoharibika.

Aliingia ndani ya trela, akainua kiti, akatoa ubao. Nilimwona ameinama na tochi mdomoni. Aliitoa tochi.

"Fundi, hii kisanduku iko na rangi yako. Niifungue niangalie?"

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Maneno hayo matatu yalitosha. Akarudisha bisibisi mfukoni, akarudisha ubao, akafunga betri mpya kwa mikono yake, kila kiungo kimevutwa, kila kiungo na tone la kijani. Ilikuwa kazi safi. Wageni walipiga picha wamezunguka betri kama mtoto aliyezaliwa.

Wiki sita mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kujipongeza. Friji haikulala. Sista Kendi alinipigia simu mara moja tu, kusema asante, nami nikashuku kuna jambo. Kisha wakapangiwa safari mbili mfululizo, mawingu yakakaa juu ya mlima siku nne, sola haikufanya kitu, na betri ikaondoka Nyeri asubuhi ikiwa karibu tupu. Safari nzima ilivuta kutoka kwenye gari bila kupumzika. Umbali mfupi kabla ya Doldol dereva aliona moshi kwenye kioo.

Hakuna aliyekuwa ndani ya trela, Mungu ashukuriwe. Dereva alikata minyororo ya trela akasogeza gari mbele. Sista Kendi alifanya kile ambacho kila mtu anayemjua angejua atafanya: aliingia kutoa sanduku la chanjo. Alilitoa. Lilikuwa na mpini wa chuma. Viganja vyake vyote viwili viliungua, na mpaka leo kidole gumba cha kulia hakikunjiki sawasawa. Chanjo zenyewe zilikuwa zimeharibika kwa joto. Kutoka siku hiyo hakuna trela iliyokwenda Doldol kwa miezi saba, na sitaki mtu aniambie ati watoto walipelekwa kwingine. Kwingine wapi?

Kamati iliundwa. Ilikuwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua fyuzi ni nini, kwa hiyo waliniomba mimi, fundi mkuu, nipitie mabaki. Nilikaa kwenye majivu yale tangu asubuhi. Betri ya lithiamu ilikuwa imeungua nje tu, haikuwa chanzo, na viungo vya kijani vilikuwa vimeshika hadi mwisho. Laini ya kuchaji ilikuwa imeyeyuka urefu wake wote, kutoka kwenye gari hadi kwenye betri. Nikainua kipande cha bati na chini yake nikakuta kisanduku changu. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa nzima. Juu ya kifuniko, tone langu lilikuwa limetutumka likawa jeusi, lakini pembeni lilikuwa bado jekundu.

Nilikitia mfukoni mwa ovaroli. Sikupanga. Mkono ulikitia.

Mbele ya kamati nilisema chanzo hakionekani vizuri. Wao wakaandika uzembe wa fundi aliyefunga betri. Bosi wa usafiri alisema alimwonya Wangechi kuhusu haraka, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama viatu vyangu. Ile orodha yake yenye chaja na waya mnene haikuonekana tena katika faili. Wangechi alipewa barua siku ya Jumatatu. Alikusanya vifaa vyake kwenye kreti ya soda, akaniaga kwa mkono kama alivyowaaga wengine wote, akaenda. Nilifanya kazi miezi minane baada ya hapo, kisanduku kikiwa kwenye droo yangu chini ya matambara, na kila siku niliwakaripia watu kwa makosa madogo madogo. Mtakuwa mnakumbuka. Mlidhani ni uzee.

Ninawachukia watu wa ile kamati. Namchukia bosi pia, kwa kukata chaja na kuficha karatasi, na kama anasoma hapa kwenye ubao wake mwenyewe, na asome mara mbili. Lakini hata kama wangenunua chaja, waya wangu ungebaki mle ndani ukingoja siku nyingine. Na hata bila chaja, fyuzi ya kweli ingekatika, friji ingelala, Sista Kendi angenipigia simu, basi. Trela ingekuwepo. Nimelipindua jambo hili kila upande na kila upande naangukia hapo hapo.

Wiki moja baada ya kuagwa nilikwenda Sagana. Wangechi amekodi kibanda karibu na njia panda, anatengeneza stata na alteneta za malori. Nilimkuta amefungua stata juu ya gunia. Aliniletea kiti, akamtuma jirani chai, akaniuliza habari za mke wangu. Nilipotoa kile kisanduku mfukoni nikakiweka juu ya meza, hakukigusa.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Laini iliungua yote, Fundi. Fyuzi ingekuwa ndani, haingeungua yote."

Nikamuuliza mbona hakuiambia kamati.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga tangu Karatina, maneno mazuri, na machozi yalikuwa karibu. Alininyamazisha kwa kuinua bisibisi kidogo tu. Alisema pole hiyo haitamrudishia kitu na haitakunja kidole cha Sista. Aliniuliza nimeambiwa niandike nini. Habari zilikuwa zimemfikia, gereji ni gereji.

"Basi andika hiyo," akasema. "Weka jina yako. Na uwaambie na zile zingine, maana najua ziko."

Nilikataa. Nilimwambia ni ile moja tu, siku moja, kwa sababu ya watoto. Alirudi kwenye stata yake. Nilikunywa chai yote kabla sijaanza kuzihesabu.

Ziko tatu ninazokumbuka. Ambulensi ya pili ina waya mahali pa fyuzi ya king'ora, chini ya usukani upande wa kushoto. Land Cruiser ya kijani ina nyingine kwenye laini ya taa za nyuma. Jenereta inayobebwa na timu ya Timau ina msumari, naam, msumari, nilioukata mimi kwa msumeno. Zote niliziweka siku ambayo mtu alikuwa anangoja, na zote zina tone jekundu. Huenda ziko nyingine. Msinisubiri nizikumbuke.

Nakala ya kurasa hizi nimeipeleka kwa kila mmoja wa kamati, pamoja na barua ya kuwataka waitoe ile ya kumfuta kazi Wangechi kwenye faili yake na waweke nakala hii. Sista Kendi nilimsomea mwenyewe, nyumbani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema anataka kulala. Wangechi hajasema kama akiitwa atarudi, na singekuwa na uso wa kumwomba.

Kisanduku chenyewe nimekipigilia chini ya karatasi hii kwa msumari wa inchi nne. Kifungueni mtazame zile nyuzi. Kisha chukueni bisibisi, mwanze na ambulensi, halafu mpite gari baada ya gari, na kila mtakapoona rangi nyekundu mfungue. Msiniulize. Hata mkiniona nimesimama hapo na kikombe cha chai, fungueni.

Kariuki, fundi wa umeme, rangi nyekundu